Maisha ya David Whitaker

Katika kurasa hizi wenzangu wamezoea kuandika habari za wafalme, wavumbuzi na wasafiri mashuhuri. Mimi nimemchagua mwandishi mmoja Mwingereza, David Whitaker, aliyegeuza michezo ya televisheni kuwa vitabu. Wengi huidhani kazi hiyo kuwa ndogo. Nataka kuwaonyesha jinsi ilivyodumu kuliko baadhi ya michezo yenyewe.

Whitaker alizaliwa tarehe 18 Aprili, 1928, huko Knebworth, kaskazini ya London. Katika ujana wake alikuwa mtu wa jukwaani: aliigiza, akatunga na kuongoza michezo. Baadaye akaajiriwa na shirika la utangazaji la BBC. Mwaka 1963 shirika hilo lilianzisha mchezo wa hadithi za kubuni za sayansi uitwao Doctor Who. Ni habari za mzee wa ajabu asafiriye katika nyakati zilizopita na zijazo, ndani ya chombo ambacho kwa nje ni kibanda cha simu cha polisi, na kwa ndani ni kikubwa ajabu. Whitaker alikuwa mhariri wa kwanza wa mchezo huo. Kazi yake ilikuwa kutafuta watunzi, kusoma walichoandika, kupunguza, kuongeza na kusahihisha, hata kila hadithi ifae kuigizwa. Sehemu ya kwanza ilionyeshwa tarehe 23 Novemba, 1963.

Mwezi uliofuata wakatokea Dalek, viumbe waliotungwa na Terry Nation. Hao hukaa ndani ya magamba ya chuma, na humchukia kila asiyefanana nao. Watoto wa Uingereza waliwaogopa na kuwapenda pia. Basi kampuni ya vitabu ya Frederick Muller ikataka hadithi yao ichapwe, na Whitaker akaiandika. Kitabu kilitoka Novemba 1964.

Sisi tukaao Mutanga Sud, hapa Bujumbura, twaijua kazi ya namna hii. Kijana mmoja hutazama filamu, na kesho yake huwasimulia wenziwe ambao hawakuiona. Asimuliaye vibaya husema tu kwamba huyu akaingia, yule akatoka, wakapigana. Asimuliaye vizuri hukumbuka kwamba wenziwe hawana picha mbele yao. Kwa hiyo huwapa giza, baridi, na hofu iliyokuwa moyoni mwa mtu.

Whitaker alisimulia vizuri. Katika televisheni, hadithi ya Dalek ilikuwa ya pili, na watazamaji walikwisha kuwajua wasafiri. Lakini msomaji wa kitabu huenda hakuwajua. Basi Whitaker akabuni mwanzo mpya kabisa: usiku wa ukungu, ajali ya lori barabarani, na mwalimu Ian kukutana na Barbara kwa mara ya kwanza. Tena kitabu chote husimuliwa na Ian mwenyewe. Kamera yaweza kwenda kila mahali, bali Ian huona kile tu kilicho mbele yake. Akiwa katika hatari, msomaji naye hajui kilichoko nyuma ya mlango.

Mwaka 1966 alitoa kitabu cha pili, juu ya Vita vya Msalaba, kutokana na mchezo wake mwenyewe ulioonyeshwa mwaka 1965. Humo Mfalme Richard wa Uingereza na Sultani Salahuddin wote wawili ni watu wenye akili na heshima, wala si mwema mmoja na mwovu mmoja. Jambo hilo lilinipendeza sana.

Sasa nifike kwenye msiba. Siku zile kanda za picha zilikuwa ghali, nazo zaweza kufutwa na kutumiwa tena. Mapatano na waigizaji nayo yalizuia mchezo kurudiwa mara nyingi. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja watu watanunua michezo ya zamani na kuitazama nyumbani. Basi BBC ikafuta kanda nyingi. Nakala za filamu zilizouzwa ng'ambo nazo nyingi ziliharibiwa. Mwaka 1966 Whitaker aliandika mchezo mwingine wa Dalek, wenye sehemu 6, na kanda zake zote zilipotea. Ule wa Vita vya Msalaba ulikuwa na sehemu 4, ukapoteza picha za sehemu 2. Lakini kitabu chake kilibaki kizima. Mwaka 1973 vitabu vyake vyote viwili vilichapwa tena na kampuni ya Target, ambayo baadaye ilitoa vitabu zaidi ya 150 vya namna hiyo. Watoto ambao hawakuwahi kuiona michezo ile waliijua kwa kusoma.

Whitaker alifariki tarehe 4 Februari, 1980, akiwa na umri wa miaka 51. Wakati huo alikuwa ameanza kukigeuza kitabu mchezo wake mwingine, wa miaka 1967 na 1968, juu ya mtu mwovu anayefanana na Daktari kama pacha. Ian Marter akaandika kitabu hicho, kikatoka mwaka 1981. Katika sehemu 6 za mchezo wenyewe, BBC ilikuwa imebakiwa na 1 tu. Kisha mwaka 2013 ikatangazwa kwamba zile 5 nyingine zimeonekana katika Afrika, mjini Jos, Nigeria, katika kituo cha televisheni. Mtunzi hakuishi kuliona jambo hilo.

Bahati kama ya Jos haitokei kila mara. Shule yetu nayo huigiza mchezo kila mwaka, na pazia likifungwa, mchezo hubaki katika vichwa vya watu wachache. Ndugu zetu mliomaliza shule, mnaokumbuka michezo ya zamani zenu, tuleteeni habari zake: nani alikuwa mfalme, nani alikuwa mwizi, na watu walicheka wapi. Kama hamna nafasi ya kuandika, njoni mtusimulie, nasi tutaandika.