Anuarite Nengapeta: Binti wa Askari Aliyeuawa na Askari

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-mashariki mwa mji wa Mbarara, yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokuwa wakiikimbia nchi yao. Leo kundi kubwa zaidi pale ni la Wakongomani. Askari au polisi apelekwaye huko kikazi hukutana na watu waliokimbia bunduki, ambao huitazama sare yake kabla ya kumtazama uso. Hofu hiyo ni ya zamani. Miongoni mwa wafu wake yumo sista kijana ambaye Wakatoliki wa Kongo wamjua vema, Mwenye Heri Anuarite Nengapeta. Twaeleza habari zake kwa sababu zatuhusu sisi wenye sare kuliko mtu mwingine yeyote.

Alizaliwa Wamba, kaskazini-mashariki mwa Kongo, tarehe 29 Desemba 1939. Baba yake, Amisi, alikuwa askari wa jeshi la kikoloni la Wabelgiji. Vita Kuu ya Pili ilimfikisha Palestina, na kutoka huko alimwandikia mkewe awapeleke watoto wakabatizwe. Baadaye alimwacha mke huyo kwa kuwa alimzalia mabinti watupu. Nengapeta ndilo jina la binti huyu. Anuarite lilikuwa la dada yake, likaandikwa kimakosa shuleni, likamganda.

Mama yake hakutaka awe mtawa. Yasimuliwa kwamba lori lilipokuja kuwachukua wasichana wa kwenda utawani Bafwabaka, alijipenyeza kati yao akapanda. Tarehe 5 Agosti 1959 aliweka nadhiri katika Shirika la Jamaa Takatifu, kisha akawa mwalimu.

Mwaka 1964 waasi wa Simba waliteka sehemu kubwa ya mashariki ya Kongo. Tarehe 24 Novemba askari wa miamvuli wa Ubelgiji waliteremka Stanleyville, na siku mbili baadaye wakateremka Paulis, ndiyo Isiro ya leo, wakaondoka upesi. Waasi walibaki na hasira ya kushindwa, na raia ndio waliokuwa karibu.

Tarehe 29 Novemba lori la waasi lilifika Bafwabaka. Masista waliambiwa wanapelekwa Wamba kwa usalama wao. Njiani safari ikageuzwa kuelekea Isiro. Usiku wa kuamkia Desemba mosi, kanali mmoja alimtaka Anuarite awe mke wake. Alikataa, na mkuu wa masista akakataa kumtoa. Kanali mwingine, Pierre Olombe, akajitwika kazi ya kumlazimisha. Alimsukuma garini pamoja na Sista Bokuma, nao walipokataa kukaa humo aliwapiga kwa kitako cha bunduki. Sista Bokuma alivunjika mkono akazimia. Anuarite, huku akipigwa, alimwambia kanali kwamba amemsamehe. Kanali akawaita askari wake wamchome kwa singe, kisha yeye mwenyewe akampiga risasi.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo. Mateka asiye na silaha yumo mikononi mwa afisa aliyemshika, na uhai wake ni dhamana ya afisa huyo. Olombe hakuwa vitani usiku ule. Hapakuwa na adui mbele yake. Na wale waliochoma kwa singe walikuwa wakitii amri, jambo ambalo haliwaondolei lawama hata kidogo.

Alikuwa na umri wa miaka 24. Alizikwa katika kaburi la pamoja, na maiti yake ilipofukuliwa ilitambuliwa kwa sanamu ndogo ya Bikira Maria aliyokuwa ameichukua Bafwabaka. Baadaye mabaki yake yalihamishiwa katika kanisa kuu la Isiro. Tarehe 15 Agosti 1985 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri mjini Kinshasa, na katika hotuba yake akatamka kumsamehe muuaji.

Olombe alihukumiwa kifo, akapunguziwa adhabu ikawa kifungo cha maisha, na baada ya miaka michache akaachiliwa huru. Mwalimu wa Bafwabaka hukumbukwa kila tarehe 1 Desemba.