Hilde Bruch na kilio cha mtoto

Mtoto akilia, humpa chakula kwanza? Huyu daktari angetaka usubiri kidogo umtazame. Hilde Bruch alizaliwa Ujerumani mwaka 1904. Akiwa Myahudi, alikimbia mwaka 1933 Hitler aliposhika madaraka, na mwaka uliofuata akafika New York. Huko, mwaka 1937, alianza kuchunguza watoto wanene. Madaktari wengi walidhani tezi zao zina hitilafu. Alipowapima, wengi walikuwa wakikua vizuri, hata kuwapita wenzao kwa urefu. Akageukia familia zao.

Alichoeleza ni hiki: mtoto huzaliwa na njaa, lakini kuitambua hujifunza kwako. Ukimlisha kila anapolia, hata kwa baridi, usingizi au upweke, atachanganya hayo yote na njaa. (Usimnyime, lakini: mtoto mchanga anyonye kila anapoonyesha dalili za njaa.)

Aliwabebesha akina mama lawama kupita kiasi. Alifariki mwaka 1984. Miaka 10 baadaye iligunduliwa leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili na kuuarifu ubongo akiba iliyopo. Unene, basi, una urithi ndani yake pia, si malezi yako tu.