Dk Livingstone na mizizi unayomchemshia mtoto

Ukitoka hapa Kitete kwenda Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, utalikuta tembe la kumbukumbu ya Dk David Livingstone, aliyeishi huko mwaka 1872. Wengi wanamjua kama mmisionari na msafiri. Leo mjue kama tabibu na mzazi.

Alizaliwa Scotland mwaka 1813. Akiwa na miaka 10 alifanya kazi kwenye kiwanda cha pamba, na mwaka 1840 akahitimu udaktari. Mwaka 1850, kusini mwa Afrika, watoto wake waliugua malaria. Alikuja kujulikana kwa vidonge vyake vya homa, alivyochanganya vitu vinne: kwinini, mizizi ya aina mbili ya kuharisha, na chumvi ya zebaki.

Kwinini hutoka kwenye magamba ya mti wa sinkona. Wakemia wawili wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, waliitenga mwaka 1820, na tangu hapo ikawezekana kuipima. Leo tunajua kwamba ndiyo pekee iliyopambana na malaria katika vidonge vile. Mizizi ilimharisha mgonjwa tu, na zebaki ni sumu.

Hata hivyo, mkewe, Mary, alifariki kwa malaria mwaka 1862 kando ya mto Zambezi, ingawa alipewa kwinini. Mwaka 1867 sanduku la dawa la Livingstone liliibwa safarini, na afya yake ikazidi kudhoofika. Stanley alimkuta Ujiji mwaka 1871, wakaja pamoja Kwihara. Livingstone alifariki Mei 1, 1873, katika Zambia ya leo. Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake kupitia Kwihara hadi Bagamoyo.

Mzazi, mizizi unayochemsha nyumbani inaweza kuwa na kemikali ya kupunguza uvimbe au maumivu. Inaweza pia kuwa na sumu, na kikombe hakikuonyeshi kipimo. Ndiyo maana mimea huchunguzwa maabara, na hata ikionekana nzuri huko, bado kiasi cha kumpa mtoto hakijajulikana.

Mtoto akipata homa, mpeleke akapimwe malaria siku hiyohiyo. Kama umeshampa mitishamba, tuambie bila woga, na ukiweza njoo na jani au mzizi wenyewe. Hatutakugombeza. Tunataka kujua kilichomo mwilini mwake kabla ya kumwongezea dawa nyingine.