Carwyn James: Mwalimu wa Raga Asiyepewa Timu ya Kwao

Mtoto huyu wa mchimba makaa, aliyezaliwa 1929 kijijini Cefneithin, aliichezea Wales mara mbili tu, zote mwaka 1958. Nafasi ya namba 10 ilikuwa imeshikwa na Cliff Morgan, na hakuna aliyethubutu kumng'oa. Basi James akashika chaki, akasomesha lugha yao ya Kiwelshi.

Mwaka 1971 alikabidhiwa Simba, yaani wachezaji teule wa Uingereza na Ireland, awapeleke New Zealand. Hakuwa mtu wa kufoka. Aliwauliza wachezaji rai zao, akasikiliza, kisha akaamua. Katika mechi nne kubwa walishinda mbili, wakashindwa moja, na ya mwisho wakatoka sare 14-14. Hakuna Simba wengine, kabla yao wala baada yao, waliopata ushindi wa jumla katika nchi ile. Tarehe 31 Oktoba 1972, klabu yake ya Llanelli nayo ikawalaza All Blacks 9-3.

Ungedhani Wales wangemkimbilia. Wapi! Mwaka 1974 James alitaka mwalimu ndiye awe na kauli katika kuchagua wachezaji. Wakubwa wa chama wakashikilia kamati yao. Akajitoa. Nasi twaona haki ilikuwa yake, kwani nahodha gani huchaguliwa mabaharia na watu wanaobaki bandarini?

Akaenda Italia kuifundisha Rovigo, iliyotwaa ubingwa wa nchi mwaka 1979. Alifariki Amsterdam Januari 1983, akiwa na miaka 53, timu ya Wales hajaishika hata siku moja.