William Hogarth

William Hogarth (10 Novemba 1697 – 26 Oktoba 1764) alikuwa mchoraji na mchapaji wa picha kutoka nchini Uingereza. Anajulikana hasa kwa picha zilizokejeli maovu ya jamii yake, na kwa kupigania hakimiliki ya wasanii.

Maisha ya awali

Alizaliwa jijini London. Baba yake, Richard, alikuwa mwalimu wa Kilatini aliyefungua mgahawa wa kahawa. Biashara hiyo ilianguka, naye akafungwa miaka kadhaa katika gereza la Fleet kwa sababu ya madeni. William alijifunza kazi kwa fundi wa kuchonga nakshi kwenye vyombo vya fedha, na mwaka 1720 alianza kujitegemea. Mwaka 1729 alimwoa Jane, binti wa mchoraji James Thornhill, bila idhini ya mkwewe. Hawakupata watoto.

Kazi

Hogarth alichonga picha kwenye bamba la shaba. Mistari ilijazwa wino, kisha bamba likagandamizwa kwenye karatasi. Bamba moja lilitoa nakala nyingi, hivyo picha ziliwafikia hata wasioweza kununua mchoro wa rangi za mafuta.

Mwaka 1732 alitoa *A Harlot's Progress*, picha sita kuhusu msichana wa kijijini anayefika London na kuingizwa katika ukahaba. Zaidi ya watu 1,000 walizinunua, lakini wachapaji wengine walizinakili na kuziuza bila kumlipa.

Mwaka 1751 alichora *Gin Lane* kuonyesha jinsi pombe kali ilivyoangamiza maskini wa London. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya kudhibiti uuzaji wake.

Hakimiliki

Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1710 ililinda vitabu tu. Hogarth na wasanii wenzake walipeleka ombi Bungeni, na mwaka 1735 ikapitishwa sheria iliyowapa wachongaji haki ya pekee juu ya picha zao kwa miaka 14. Alisubiri ianze kutumika tarehe 25 Juni ndipo akatoa *A Rake's Progress*, picha nane kuhusu kijana anayefuja urithi wake. Katika picha ya saba kijana huyo amefungwa katika gereza la Fleet, lilelile alimofungwa baba yake Hogarth.

Kifo

Alifariki London akazikwa Chiswick. Mwaka 1767 Bunge lilimpa mjane wake haki ya kuuza picha hizo kwa miaka 20, naye akaendelea kuzitegemea kwa kipato.