Abebe Bikila, na nusu ya hadithi tusiyoisimulia

Mwezi uliopita, kila nilipokimbia kutoka Malindi kupita Forodhani hadi Mnazi Mmoja, ugoko wa mguu wa kushoto ulikuwa unauma. Mwanzo maumivu yalikuja baada ya mbio, baadaye yakaanza kunikuta njiani. Sikumwambia mtu. Mashindano ya vyuo yalibaki wiki tatu, na nafasi yangu kwenye timu niliipata kwa jasho.

Jioni moja pale Jaws Corner, kahawa mkononi, nikamfungulia siri mzee mmoja wa baraza. Akanicheka. Akasema Abebe Bikila alipasuliwa tumbo na bado akashinda Olimpiki, sasa mie kijana nalia ugoko tu? Nikarudi dakhalia nimeshaamua kukimbia. Lakini usiku ule nikasoma maisha ya huyo Bikila, nikakuta mzee kanihadithia nusu.

Bikila alizaliwa Ethiopia mwaka 1932, akaingia jeshi la walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Huko akakutana na kocha kutoka Sweden, Onni Niskanen. Mwaka 1960, kwenye Olimpiki ya Roma, alikimbia marathoni miguu mitupu na kushinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Sisi tunaipenda picha ile kwa sababu tunaiona kama ubishi wa Mwafrika mbele ya dunia. Kumbe sababu ilikuwa ndogo: viatu vipya vilimbana na kumtoa malengelenge. Miguu mitupu alishaizoea mazoezini, basi akavua. Hakutaka kuumia, yaani.

Ya tumbo nayo ni kweli. Mwezi Septemba 1964, wiki tano hivi kabla ya marathoni ya Tokyo, alipasuliwa kidole tumbo. Tarehe 21 Oktoba alikimbia, safari hii na viatu, akashinda kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Ulikuwa muda bora kuliko wowote uliowahi kukimbiwa, na wa pili alimwacha kwa zaidi ya dakika nne. Akawa mtu wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili. Baada ya kumaliza akaenda kwenye majani kunyoosha viungo, kama mtu aliyetoka mazoezi ya kawaida.

Hapo ndipo baraza hufunga hadithi. Lakini kilichokuwa kibovu tumboni kilikuwa kimeshatolewa, na kidonda kilikuwa kinapona. Ugoko wangu mimi ulikuwa unazidi kuharibika kila siku niliyoukimbilia. Hayo si mambo mamoja.

Mwaka 1968 akaenda Mexico City, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari. Safari hii mguu ndio uliokuwa mbovu, tangu kabla ya mbio. Alianza, akafika kama kilomita 17, akatoka. Bingwa wa mara mbili, mbele ya dunia nzima, akatoka njiani. Mwenzake Mamo Wolde akaendelea na kuirudisha medali ya dhahabu Ethiopia.

Mbio hizo hizo ndizo alizokimbia Mtanzania John Stephen Akhwari. Alianguka, goti likaumia vibaya, akafungwa bendeji na kumaliza wa mwisho kati ya 57 waliofika. Tumefundishwa kumheshimu, na tunafanya vizuri. Lakini waliokimbia walikuwa 75. Kumi na wanane walitoka, na Bikila ni mmoja wao. Hakuna anayetufundisha kitu juu yao.

Machi 1969 gari yake ndogo ya Volkswagen ilipata ajali. Akapooza kuanzia kiunoni kwenda chini, akapelekwa hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Hakutembea tena. Mwaka uliofuata alirudi Stoke Mandeville kushindana kulenga shabaha kwa upinde, akiwa juu ya kiti cha magurudumu. Alifariki Oktoba 1973 kwa kuvuja damu kwenye ubongo, umri miaka 41 tu.

Nikajiuliza: ikiwa mtu yule hakukosa ushujaa siku aliyotoka Mexico, mimi naogopa nini? Jibu halikunipendeza. Sikuwa naogopa kukosa mbio. Nilikuwa naogopa kuchekwa barazani.

Asubuhi nikamwambia kocha. Daktari akapiga picha, akaona ufa mwembamba kwenye mfupa. Akasema wiki nane bila kukimbia, na kwamba ningeendelea ungeweza kuvunjika kabisa. Nafasi yangu kapewa mwenzangu wa mwaka wa kwanza, na juzi nilikwenda uwanjani kumshikia saa.

Jaws Corner nimerudi. Mzee kaniuliza kulikoni sikimbii, nikamsimulia habari ya kilomita 17. Alikaa kimya kidogo, akaniagizia kahawa nyengine. Hakucheka.