Nelson Mandela: Mfungwa Aliyedai Kusikilizwa

Mtahiniwa, jina la Nelson Mandela umelisoma mara nyingi katika mada ya ukombozi wa Afrika. Wengi huandika kwamba alifungwa miaka 27, kisha wakaishia hapo. Wewe jifunze pia alichokifanya akiwa gerezani.

Mandela alizaliwa tarehe 18 Julai 1918 katika kijiji cha Mvezo, Afrika Kusini. Alisomea sheria, na mwaka 1952 yeye na Oliver Tambo walifungua ofisi ya uwakili jijini Johannesburg. Waliwatetea Waafrika walioshtakiwa kwa sheria za ubaguzi wa rangi.

Januari 1962, mwezi mmoja tu baada ya uhuru wa Tanganyika, alitoka nchini kwake kwa siri kutafuta msaada wa harakati za ukombozi. Ikiwa unasoma Mbeya au Iringa, ujue kuwa historia hii ilipitia Nyanda za Juu Kusini: ndege ndogo ilimshusha Mbeya, na mwenyeji wake akawa John Mwakangale, mbunge wa TANU. Kwenye baraza la hoteli aliwakuta weusi na weupe wamekaa pamoja wakizungumza, jambo ambalo hakuwahi kuliona kwao. Kisha alikwenda Dar es Salaam kuonana na Mwalimu Nyerere. Aliporudi kwao alikamatwa Agosti mwaka huohuo, na tarehe 12 Juni 1964 akahukumiwa kifungo cha maisha.

Katika gereza la kisiwa cha Robben, mfungwa aliweza kushtakiwa kwa kosa dogo la nidhamu, akanyimwa chakula au akafungiwa peke yake. Mandela aliwashauri wenzake wadai maelezo kamili ya shtaka: kosa gani, lini, wapi? Mara nyingi askari magereza walikosa la kujibu. Yeye mwenyewe alishtakiwa baada ya kumjibu kwa ukali ofisa aliyemkashifu mkewe, Winnie. Alidai wakili, akatetewa na George Bizos, na shtaka likaondolewa.

Alifunguliwa tarehe 11 Februari 1990, akawa Rais kuanzia 1994 hadi 1999, na akafariki tarehe 5 Desemba 2013. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulizipa kanuni za kuwahudumia wafungwa jina lake. Kanuni ya 41 inataka mfungwa anayeshtakiwa kwa kosa la nidhamu aelezwe shtaka kwa lugha anayoielewa, apewe muda wa kujitetea, na aweze kuiomba mahakama ipitie upya adhabu yake.

Zingatia: Usiandike kwamba mfungwa hupoteza haki zote. Hupoteza uhuru wa kwenda atakako, lakini haki ya kusikilizwa hubaki nayo. Katiba yetu, Ibara ya 13(6)(a), inaitambua haki hiyo kwa kila mtu, mbele ya mahakama au chombo kingine.

Maswali
1. Taja mambo mawili ambayo Mandela aliyaona au kuyafanya alipopita Tanganyika mwaka 1962.
2. Kwa nini kudai maelezo ya shtaka kuliwasaidia wafungwa?
3. Eleza hasara tatu za kumwadhibu mtu bila kumsikiliza.